"Mmomonyoko" au "Mtelezo"? Kasoro Moja ya Istilahi za Mabwawa

Istilahi hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa utamu wake masikioni. Tutazame mabwawa ya maji. Nachingwea na Ruangwa huwa na kiangazi kirefu, hivyo kuhifadhi maji huko ni jambo la uhai. Tena Ruangwa ina madini ya kinywe, na kinywe huchenjuliwa kwa maji mengi. Bwawa likitandikwa utando wa plastiki ili lisivuje, utando huo hufunikwa udongo usije ukachomwa na jua au kutobolewa na kwato. Udongo huo waweza kushuka wote kwa pamoja hadi chini ya bwawa.

Tukio hilo wengi huliita "mmomonyoko". Jina hilo halifai. Mmomonyoko ni maji kuuchukua udongo chembe kwa chembe, na nyasi huweza kuuzuia. Hapa tabaka zima limeteleza juu ya utando. Wengine husema "poromoko". Neno hilo lafaa pale ukingo wenyewe unapokatika, pamoja na utando wake. Msimamizi aliyeambiwa "mmomonyoko" ataongeza udongo na kupanda nyasi, na udongo mpya utafuata njia ya ule wa kwanza.

Hesabu yathibitisha jambo hili. Mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 3 za mlalo una pembe ya nyuzi 18.4. Msuguano wa mchanga na plastiki laini huhimili nyuzi 18 hivi tu. Udongo ukiloa, na maji yakawa yanatiririka ndani yake sambamba na mteremko, kama iwapo bwawa limepunguzwa maji kwa haraka, uthabiti hupungua karibu nusu. Inapasa kuulaza zaidi mteremko, kutumia utando wenye uso wa kukwaruza, na kuyapa maji njia ya kutokea.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno matatu yatenganishwe: mmomonyoko, poromoko, na mtelezo wa tabaka. "Turubai" nalo lisitumiwe kwa maana ya utando. Libaki kuwa kifuniko cha mizigo. Na iwapo "mtelezo" halitaridhisha, basi kabla ya kukopa ng'ambo na tuwaulize kwanza wasemaji wa Kimwera, wenyeji wa wilaya hizo mbili, wao huitaje ardhi inayoteleza juu ya mwamba.