Mbegu Vumbini

Katikati ya Novemba, ukipiga jembe kwenye shamba la bibi yangu kule Mvumi, Dodoma, jembe linadunda. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili. Mito imekuwa mchanga mtupu, na kina mama wanachimba katikati ya mkondo, wanasubiri maji yajikusanye, kisha wanayateka kwa kata, taratibu, wasije wakayachafua. Kila kitu kina rangi ya vumbi, hata ng'ombe. Siku hizohizo ndizo bibi alizokuwa akishusha mbegu ya uwele na kwenda kuifukia.

Wagogo wana jina la kazi hii: kuberega. Hulimi. Unafyeka mabua na magugu ya msimu uliopita, unayakusanya, unayachoma, halafu unapanda kwenye ardhi ambayo haijapinduliwa. Mabwana shamba hawaipendi sana, na wana hoja: majivu hupeperushwa, na ardhi ngumu huyaacha maji ya mvua yateleze kwenda zake badala ya kuzama. Sibishani nao. Ninachotaka kukisifu ni ule ustadi uliomo ndani yake, wa kupanda kabla ya mvua, maana nimeutazama kwa miaka mingi na sijaona kazi ya mikono inayodai zaidi moyo wa mtu.

Bibi alitangulia na jembe dogo lililokwisha ulimi. Pigo moja, shimo. Mimi nilimfuata na kibuyu cha mbegu, natia punje kwa ncha za vidole vitatu, nafukia kwa unyayo, nakanyaga kidogo. Ilichukua misimu miwili kabla hajaacha kunirudisha nyuma. Kina cha shimo ndicho kila kitu. Ukifukia juujuu, manyunyu ya kwanza yanaidanganya mbegu: inachipua kwa furaha, kisha linakuja jua la siku kumi na kuikausha. Ukifukia chini mno, chipukizi linachoka kabla ya kufika juu. Bibi alipima kwa vidole viwili, lakini alipofika sehemu ya kichanga alizidisha, na kwenye udongo mwekundu alipunguza, bila kusimama, bila kutazama chini. Kisigino chake kilijua. Kukanyaga nako kuna kipimo, kwani usipokanyaga, kwale na sisimizi wanakula kabla ya mvua, na ukikanyaga sana unatengeneza tofali.

Kwa nini asingoje mvua? Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na hapo katikati, mara nyingi Februari, mvua hukata kabisa, mazao yakasinyaa yakiwa bado machanga. Kifuku chetu ni kifupi. Anayesubiri ardhi ilowe ndipo atafute mbegu amekwisha poteza wiki, na wiki hizo hazirudi. Tena kuna jambo ambalo wakulima walilijua kwa macho kabla halijaandikwa: mvua ya kwanza ina chakula ndani yake. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga nchini Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukilowa, vijidudu vyake huamka kwa ghafla na kuachia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Mbegu iliyokwisha kulala chini ndiyo inayokula karamu hiyo. Iliyochelewa inakuta vyombo vimeoshwa.

Kwa hiyo unapanda gizani, kwa maana ya kwamba huoni. Hakuna wingu. Unakitoa ndani chakula cha watoto wako na kukitupa vumbini.

Upande wa mashariki wa mkoa wetu, Kongwa, watu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta, baadhi yakiwa mabaki ya vita, ili kulima karanga kwenye pori la Wagogo na kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Pori liliyashinda magreda. Udongo ulipokauka uligeuka kama saruji, karanga zikagoma kung'oka, na mvua ikaja kwa ratiba yake. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Sikumbushi haya kwa kuwacheka. Nayakumbusha kwa sababu nikipita Kongwa huwa namfikiria bibi na kile kijembe chake, na kwamba yeye katika maisha yake yote hakuwahi kuifanyia ardhi yake hesabu isiyokuwa na shaka ndani yake.

Maana bibi alikuwa na shaka. Hili lilinichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo lililonifanya niandike.

Alikuwa mtu wa sala. Mvumi ina misheni ya Kianglikana tangu 1900, na yeye alizaliwa kwenye sauti ya kengele yake. Aliamka kabla ya jogoo, na sauti yake ikiomba kwa Cigogo ndiyo iliyotuamsha sisi. Lakini siku ya kupanda aligawa mbegu mafungu matatu. Fungu moja lilikwenda shambani. La pili liliwekwa tayari kwa kurudishia, mvua ikidanganya. La tatu lilifungwa kwenye kipande cha kanga, fundo juu ya fundo, likarudishwa kwenye kichanja juu ya mafiga, mahali ambapo moshi huzuia fukusi. La tatu halikuguswa. Kuna mwaka tulikula mlenda mtupu kwa siku kadhaa, na fungu lile likining'inia pale juu yetu likiwa jeusi kwa masizi.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimuuliza, kwa ule ukali wa watoto: "Bibi, si unamwamini Mungu? Sasa hizo za nini?"

"Mjukuu wangu," akasema, "mvua ni yake. Mbegu kanipa mimi."

Mama yake alikuwa msichana mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo Ugogo haijaisahau. Vita vya Wazungu vilipita hapa. Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakaondoka kuhemea na hawakurudi, na wapo wazazi walioweka watoto wao rehani kwa chakula. Kwenye simulizi za nyumbani kwetu, Mtunya haukupimwa kwa makaburi. Ulipimwa kwa kaya zilizokula mbegu. Hizo ndizo zilizoisha, kwani mvua iliporudi haikuzikuta na kitu cha kutia ardhini.

Mwaka huohuo wa 1917, huko Ihumwa, alizaliwa Mathias Mnyampala, aliyekuja kuwa mshairi mkubwa na kuiandika historia ya Wagogo. Alilelewa kwenye nchi hii ya kungoja, na baadaye akaitungia Enjili utenzi kwa Kiswahili. Huwa najiuliza mtoto aliyezaliwa ndani ya njaa ile aliipokeaje habari ya mpanzi aliyetoka kwenda kupanda.

Mimi nilikuja kuacha kuomba. Kaka yangu aliugua kwa miezi saba. Tulifunga, tulikesha, na mhubiri mmoja alituhakikishia kwamba amepona. Alipofariki, mtu yuleyule alisimama mbele ya mama yangu na kusema imani yetu ilikuwa na upungufu. Sikukanyaga kanisani kwa miaka minne. Sikumchukia Mungu, nilimnyamazia tu, kama unavyomnyamazia mtu mliyeachana vibaya. Bibi hakunihubiria. Novemba ya kwanza baada ya msiba alinipa kibuyu, akatangulia na jembe.

Ndipo nilipoona, kwa kutia punje na kufukia, kwamba kazi ile haikuniuliza nina imani kiasi gani. Iliuliza kina cha shimo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba shaka ni ukuta, na ukiwa upande wake huu huwezi kufanya lolote hadi ubomoke. Lakini kila mkulima wa Ugogo anapanda akiwa na shaka. Ameiweka kwenye kichanja, ameipatia fundo na moshi, imekuwa sehemu ya ufundi wake. Yule baba wa kwenye Enjili ya Marko, aliyemleta mwanawe mgonjwa, alikiri imani yake na upungufu wake kwa pumzi moja, na mwanawe hakukataliwa uponyaji kwa hilo. Laiti mhubiri wetu angelisoma ukurasa ule kabla ya kuja msibani.

Nchi hii imeomba mvua kwa namna nyingi. Zamani watu walimwendea mtemi, na rangi nyeusi, rangi ya wingu lililobeba maji, ilitumika katika matambiko yao. Waislamu hutoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, na imamu huligeuza vazi lake, upande wa kulia ukawa wa kushoto, kama dua ya kwamba hali nayo igeuke. Sisi hufunga. Na nimewaona watu wa namna zote hizo, wakishamaliza, wakirudi nyumbani kunoa majembe.

Mvua ya msimu ule wa kwanza baada ya msiba ilikuja tarehe za mwanzo za Desemba, ikanyesha siku mbili, ikakata kwa wiki mbili na nusu. Nusu ya shamba ilikufa. Tukarudishia kwa fungu la pili. Tulivuna magunia matatu, kwa shamba la kutoa manane. Bibi alishukuru kama aliyevuna ishirini, na mimi nilisimama kando yake bila kusema neno, lakini nilisimama.

Alifariki Februari mwaka juzi, wakati wa ule ukame wa katikati. Baada ya matanga tulikuwa tunafagia jiko lake, mama akainua macho na kuliona fungu juu ya kichanja. Kanga yenyewe ilikuwa haitambuliki kwa masizi. Tulikubaliana tusiliguse.

Novemba nililishusha. Mafundo yalikuwa manne, ya mtu ambaye vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Punje zilikuwa kavu, safi, zinateleza mkononi. Mama alinyoosha kitambaa sakafuni, tukagawa mafungu matatu. Moja nikatia kwenye kibuyu. La pili mama akaliweka pembeni. La tatu nikalifunga kwenye kanga ileile, fundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, nikapanda juu ya kigoda na kulirudisha mahali pake.