Omena Haiko kwa Menyu

Kuna mkahawa hapa Kisumu, jina nitalihifadhi, unaochanganya choma na mapishi ya Kijapani. Mbavu za mbuzi zilizopakwa teriyaki ziko sawa kabisa: moshi wa makaa, utamu wa soya, tangawizi. Shida ni samaki. Nimekaa dirishani naangalia ziwa, naletewa sushi ya salmoni iliyokuja kwa ndege. Sawa, samaki wa ziwa hafai kuliwa mbichi. Lakini Wajapani huchemsha dagaa wakavu, niboshi, kupata dashi, mchuzi wao wa msingi. Sisi tuna omena. Mamangu aliianika Dunga, akaiuza, akanilipia karo ya chuo hadi nilipoacha. Kwa menyu haiko. Mpishi, shuka ufuoni kwanza. Ni karibu.