Katuni ya Mitindo Miwili: Namna ya Kuipima

"Yaani kama kweli kabisa!" Hiyo ndiyo sifa inayotoka haraka kwenye banda umiza, iwe Tunduma mjini au huku Isansa, Mbozi, katuni ya kompyuta inapowekwa. Sifa hiyo haitoshi. Mwaka 2019 Disney walitoa toleo jipya la The Lion King, manyoya ya Simba yakiwa yametengenezwa kwa kompyuta hadi mtu aape kwamba kamera ilipelekwa Serengeti. Kwa maelezo ya mwongozaji wake, Jon Favreau, picha iliyopigwa kwa kamera kweli ilikuwa moja tu: ile ya jua linapochomoza mwanzoni. Lakini linganisha nyuso. Simba mdogo wa mwaka 1994, aliyechorwa kwa mkono, anapomlilia baba yake, Mufasa, nyusi zinapanda, mdomo unatetemeka, na mtazamaji naye anakabwa koo. Wa 2019 ana uso wa mnyama, na mnyama hakunji nyusi. Kilichoongezwa kwenye manyoya kilipunguzwa usoni.

Ndiyo maana mafundi wengi siku hizi wanachanganya mitindo yote miwili. Mchoro wa mkono ni hodari wa hisia. Picha inayorendwa, yaani kutengenezwa na kompyuta ifanane na kitu halisi, ni hodari wa uzito, mwanga na mahali. Yafuatayo ni mambo manne ya kukagua kabla hujasema katuni ya namna hiyo ni nzuri.

Miguu

Simamisha picha pale mhusika anapokanyaga. Mchoro uliopachikwa juu ya mandhari halisi huumbuka hapo kabla ya pengine popote. Tuseme mtoto aliyechorwa kwa mistari anapita kwenye shamba la kahawa la Isansa mwezi Juni, shamba lenyewe likiwa limerendwa hadi punje za udongo mwekundu zinaonekana. Chini ya kisigino pawe na kivuli chembamba, kilichokolea kuliko kivuli kingine cha mwili. Vumbi litimke mguu unapotua. Udongo ulio juani hurudisha rangi yake juu, kwa hiyo wekundu kidogo uonekane kwenye vifundo na pindo la kaptura. Kisha tazama matawi: je, kuna jani lolote la mkahawa linalopita mbele ya bega lake? Mhusika ambaye hazibwi na kitu chochote filamu nzima hayumo shambani. Amebandikwa.

Mwanga

Kipimo kizuri cha mwanga bado ni Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, ambamo sungura wa kuchorwa anaigiza pamoja na watu halisi. Kuna mahali taa ya darini inagongwa na kuanza kubembea. Kama taa ingetulia, kazi ya wachoraji waliokuwa chini ya Richard Williams ingekuwa nyepesi mno. Taa ikaachwa ibembee, na vivuli kwenye mwili wa sungura vikachorwa fremu baada ya fremu, vikienda na kurudi pamoja nayo. Mtazamaji wa kawaida asingedai hilo; lakini lingekosekana, angehisi kuna kitu hakikai sawa bila kujua ni kipi.

Kwa hiyo tafuta chanzo cha mwanga, kisha uliza kama wahusika wote wanakitii. Jua likiwa kushoto kwa mti, liwe kushoto kwa mtu pia. Klaus, filamu ya Sergio Pablos ya mwaka 2019, ilichorwa kwa mkono, lakini mwanga wake unazunguka mashavu vizuri kiasi kwamba wengi hudhani ni kazi ya kompyuta ya pande tatu.

Mstari na mwendo

Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Mchoraji wa mkono mara nyingi huchora michoro 12, kila mmoja ukishika fremu mbili, ilhali kompyuta inaweza kutoa zote 24 bila kuchoka. Ukiiweka miendo hiyo miwili pamoja bila mpango, mtu anarukaruka huku mandhari inateleza. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 iliigeuza tofauti hiyo kuwa hadithi. Wahusika wake Miles na Peter wanapokimbia msituni, Peter, aliyekwisha kuwa fundi, anabadilika kila fremu. Miles, ambaye bado anajifunza, anabadilika kila baada ya fremu mbili. Huhitaji kuambiwa nani mgeni wa kazi.

Mstari nao una tabia yake. Wa mkono hunenepa, hukonda na kuyumba. Wa kompyuta umenyooka mno. Kwa The Iron Giant ya mwaka 1999, jitu la chuma lilitengenezwa kwa kompyuta, na mafundi wakatunga programu ya kuuyumbisha mstari wake kidogo ili likae na watu waliochorwa. Na wale nyumbu wanaotimua mbio katika The Lion King ya 1994 ni wa kompyuta, ila walipewa ukingo na rangi bapa za mchoro. Watazamaji wengi hawajawahi kushtuka.

Sababu

Matatu ya mwanzo yanapima ufundi. Hili la nne linapima akili. Katika Treasure Planet ya mwaka 2002, mwili wa mhusika John Silver ulichorwa na Glen Keane, na mkono wake wa mashine ukatengenezwa kwa kompyuta. Yeye ni nusu kiumbe hai, nusu chuma, basi mitindo miwili inamfaa. Ng'endo Mukii wa Kenya, katika filamu fupi Yellow Fever ya mwaka 2012 kuhusu wanawake wanaojichubua, aliweka miili halisi mbele ya kamera pamoja na michoro. Ngozi ya kweli ikiwa jirani ya ngozi iliyopakwa rangi, mada inaonekana kabla haijatajwa.

Mheshimu pia anayekataa kuchanganya. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilifuata mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga: rangi kali na bapa, madoa kila mahali. Chui wa katuni hizo angevalishwa manyoya halisi, angeharibiwa.

Kijana wa Mbozi mwenye kompyuta anaweza kujaribu haya yote kwa Blender, programu ya bure yenye uwezo wa kuchora mistari ndani ya mandhari ya pande tatu. Akimaliza, ajiulize: mtindo mmoja ukiondolewa, hadithi inapoteza nini? Kama haipotezi kitu, auondoe.