Bega kwanza: shati la mtumba linavyopunguzwa nyumbani

Kila nguo ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mwili mwingine. Aliyeichora kiwandani hakuwa akimfikiria kijana mwembamba wa Buguruni wala mama wa Kisauni mwenye nyonga pana na kiuno chembamba. Kwa hiyo mtu anapoinua shati kutoka kwenye rundo pale Karume, Gikomba au Kongowea, kabla hajaulizia bei ajiulize: ni sehemu gani ya nguo hii ambayo sitaweza kuigusa nyumbani? Lebo haimjibu, maana namba zake hufuata vipimo vya soko ilikouzwa mara ya kwanza. Atembee na futikamba, na kwa shati aanze kupima begani.

Shati huning'inia kutoka begani. Mshono unaounga mkono na kiwiliwili ukikaa kwenye ncha ya mfupa wa bega, karibu kila kitu kingine kinarekebishika. Ukiwa umeteremka vidole vitatu kwenye mkono, na shati halikubuniwa hivyo, kazi inakuwa kubwa: kufumua mkono mzima, kuchonga upya tundu lake, kukipunguza kichwa cha mkono mpaka kilingane na tundu hilo, kisha kuurudisha bila mkunjo. Hiyo ni kazi ya fundi aliyebobea. Shati la namna hiyo lirudishwe rundoni, hata kama kitambaa chake kinavutia. Ubavuni mambo ni mepesi zaidi, na hapo mtu mwenye cherehani ya miguu na subira anaweza kufanya kazi safi kabisa.

Shati ninalolichambua hapa ni la kiume, la pamba, la mikono mirefu na mkato mpana. Mabega yalimkaa mvaaji barabara, ila kifuani lilikuwa na sentimita 116 kuzunguka, na kifua chake yeye ni sentimita 92. Shati la kawaida huhitaji nafasi ya sentimita 10 hadi 12 zaidi ya kipimo cha mwili ili mtu apumue, aketi na anyooshe mikono. Kwa hiyo 92 ukijumlisha na 12 unapata 104. Za kuondoa ni 12. Hapa ndipo nguo nyingi zinapoharibika, kwa kuwa hesabu hii inagawanywa mara mbili. Sentimita 12 ni za mbavu mbili, yaani 6 kila upande. Na kila ubavu una kitambaa cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo mstari mpya unapita sentimita 3 tu ndani ya mshono wa zamani. Anayepima 6 kutoka mshononi ameondoa 24, na shati linabaki 92, sawasawa na ngozi.

Kosa linalofuata ni kuishia kwapani. Tazama mashati mengi ya kiwandani kwa ndani: mkono uliungwa begani shati likiwa bado wazi, kisha mshono mmoja ukaanzia kwenye upindo, ukapanda ubavuni, ukapita kwapani na kuteremka mpaka kwenye kishikizo cha mkono. Mstari mpya ufuate njia hiyohiyo. Shati pana lina kwapa lililoshuka, na ndiyo sababu ukiinua mkono shati zima linachomoka kwenye suruali. Mstari unapoingia sentimita 3 ubavuni na kupanda sentimita 3 upande wa mkono, kwapa jipya linasogea juu na ndani, na mkono unapata uhuru ambao haukuwa nao. Anayebana ubavu peke yake anapata kiuno kizuri pamoja na kitambaa kinacholegea chini ya mkono. Upande wa mkono, mstari uurudie mshono wa zamani polepole, ukutane nao karibu na kiwiko. Kwapani upite kwa mviringo, usifanye kona. Na baada ya kushona, ziada ya hapo ichanjwe kwa ncha ya mkasi mpaka milimita 3 hivi kabla ya kufikia uzi. Usipochanja, kwapa litavuta mikunjo ambayo pasi haiiondoi.

Kuhusu pini, wengi hulivaa shati limegeuzwa ndani nje ili wabane moja kwa moja. Ni njia rahisi, lakini shati likirudishwa, ubavu uliobanwa kushoto unakuwa kulia. Kwa mwenye mwili uliolingana haidhuru. Kwa mwenye bega moja la chini, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wanavyojijua, pini ziwekwe shati likiwa limevaliwa kawaida, kisha alama zihamishwe upande wa ndani kwa chaki.

Halafu bandi, na hapa sikubali njia ya mkato. Piga bandi kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti, mishono mirefu, kutoka upindo mpaka kiwiko. Livae. Inua mikono, kaa, kumbatia mabega yako mwenyewe. Kama mgongo unakaza, bandi inafumuliwa kwa dakika chache; mshono wa cherehani uliokwisha kukatwa ziada hauna marekebisho tena. Kabla ya cherehani, fumua upindo kwa wembe sentimita 5 kila upande wa ubavu ili mstari mpya upite mpaka mwisho, kisha ukunjwe upya juu yake. Kwa pamba nyepesi, sindano namba 11 au 12 inatosha. Ziada ikatwe ibaki sentimita 1.5, ipigwe ovaloki au ikungwe kwa mkono. Ule mshono wa zamani, uliolazwa na kupigwa nyuzi mbili, unaondoka pamoja na ziada; ukiachwa utakuwa donge kwapani.

Mgongoni kulibaki kitambaa kilichojaa juu ya kiuno. Mikunjo miwili ya wima, kila mmoja ukimeza sentimita 2, ilitosha: inaanza chini ya kombe la bega, inapanuka kiunoni na kuisha ikiwa imechongoka juu na chini. Kwenye ncha hizo cherehani isirudishwe nyuma kufunga uzi, kwani inaacha kifundo kinachoonekana kwa nje. Acha nyuzi ndefu, uzifunge kwa vidole.

Kwa suruali, mahali pa kuchagulia ni nyongani na makalioni. Kiuno hurekebishwa baadaye. Suruali za kiume za kitambaa mara nyingi huwa na mshono katikati ya mkanda kwa nyuma, na ndani yake ziada iliyoachwa makusudi kwa ajili ya kupunguza au kuongeza. Ni mshono wa kufumua na kushona upya, mradi mstari uungane na ule wa zamani kabla ya mviringo wa makalio. Ukizidisha sentimita 5 hivi, mifuko ya nyuma inaanza kukaribiana na kila mtu anaona. Jinzi kwa kawaida haina ziada hiyo, na mkanda wake ni kipande kimoja nyuma. Kwa mwanamke ambaye jinzi inamwachia pengo mgongoni, toboa mipenyo miwili upande wa ndani wa mkanda, juu ya mishono ya ubavuni, pitisha lastiki pana, ivute mpaka pengo lifungike, ishonee ncha zake kwa sindano namba 16. Kuna wanaoidharau lastiki. Mimi naiona njia ya heshima kabisa, isiyokata nguo wala kuiharibia umbo.

Kuongeza nguo inayobana ni kugumu zaidi, lakini mafundi wa kanzu wana jibu la siku nyingi: taharizi, kipande kirefu kinachotiwa ubavuni kutoka kwapani kwenda chini. Gauni la mtumba linalobana kifuani linapokea kipande hicho vizuri, kikiwa cha kitambaa chenye uzito uleule, hata rangi ikitofautiana. Kifuliwe na kukaushwa kabla ya kushonwa, maana gauni limekwisha kunywea huko lilikotoka, nacho bado.