Tarishi wa Seli na Anwani ya Kichaa cha Mbwa

Tangu mwaka 1983, ilipobainika huko Montreal na St. Louis kwamba chembe changa nyekundu za damu hutoa nje vifuko vidogo mno, ambavyo baadaye viliitwa eksosomu, aghalabu wataalamu walividhania kuwa takataka za seli. Dhana hiyo iliendelea hadi mwaka 2007, watafiti wa Gothenburg walipoonyesha kwamba ndani yake mna RNA ambayo seli nyingine huipokea na kuitii kama risala.

Je, tarishi huyu aweza kupewa barua ya tabibu? Kundi la Matthew Wood huko Oxford lilijibu mwaka 2011, likikusudia ubongo wa panya, ambao kuta za mishipa yake ya damu huzirudisha nyuma dawa nyingi. Walichagua seli changa za kinga ziitwazo dendriti, kutoka katika uboho, ambazo vifuko vyake haviamshi sana kinga ya mwili. Ama anwani, hawakuibandika juu ya kifuko kilichokwisha kufanyika, bali waliunganisha jeni ya protini Lamp2b, ambayo makazi yake ni utando wa eksosomu, na kipande kifupi cha protini ya virusi vya kichaa cha mbwa, maradhi yazijuayo vyema njia za neva. Hata seli yenyewe ikawa yazaa vifuko vilivyokwisha kuandikwa anwani. Kisha barua, yaani RNA fupi za kuzima jeni, zikatiwa kwa nguvu ya umeme, na vifuko vikadungwa mshipani. Natija yake, protini ya BACE1, yenye kuhusika na maradhi ya Alzheimer, ilipungua ubongoni kwa asilimia 62.

Lakini sanaa hizi mbili hazikuwa na daraja moja: anwani iliandikwa na seli kwa tabia yake, ilhali barua iliingizwa kwa kushurutishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Utrecht walibaini kwamba umeme ule huigandisha RNA ikawa mabonge, hata mwenye kupima akahesabu kuwa imo kifukoni ile ambayo haimo.

Kwa hiyo naitukuza kazi iliyotoka Basel mwaka 2018, katika kundi la Martin Fussenegger, ambalo liliifunza seli kuandika anwani na kutia barua kwa mkono wake pia, kwa protini yenye kuishika RNA iliyokusudiwa na kuivuta hadi kifukoni. Kisha seli hizo zikapandikizwa mwilini mwa panya wenye dalili za Parkinson, zikakaa humo zikituma matarishi wao ubongoni, nazo neva zikapata hifadhi.