Rangi Pasipo Kitu

Katika lugha yetu ya Kiswahili rangi zilizo na jina la kwao zenyewe ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine karibu zote tumezikopa kwa vitu. Kijani ni jani. Manjano ni ile bizari itiwayo mchuzini. Kijivu ni jivu la mekoni, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, na samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Kwa hiyo atajaye rangi kwa Kiswahili hutaja na kitu, hata kama hakukusudia. Basi mtu huyo akiwekewa mbele yake picha iliyopakwa rangi tupu, isiyo na mtu wala mti wala nyumba, hujiona kama amenyang'anywa maneno kinywani, naye hana la kusema ila kuuliza, “Hii ni picha ya nini?”

Swali hilo ni la haki, wala hatupendi kumcheka aliulizaye. Lakini twaona kwamba mara nyingi humfunga mtu macho kabla hajatazama, nasi twataka kulichungua kwa kazi za mtu mmoja, Gebre Kristos Desta wa nchi ya Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Huyu alizaliwa Harar mwaka 1932. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa, mwandishi na mpambaji wa vitabu vya dini. Mwaka 1957 kijana huyu alikwenda Ujerumani kujifunza uchoraji katika mji wa Köln, akakaa huko miaka kadhaa. Aliporudi kwao alizionyesha picha zake Addis Ababa mwaka 1963, tena akawa mwalimu katika shule ya sanaa ya mji ule. Mwaka 1965 alipewa tuzo ya Mfalme Haile Selassie. Alikuwa pia mshairi wa Kiamhara, na jambo hili si dogo, maana mshairi ajua ya kuwa neno lina sauti kabla ya kuwa na maana.

Picha zake nyingi ndizo zile waziitazo wataalamu picha dhahania, yaani zisizo mfano wa kitu. Watu wa kwao hawakuzipokea zote kwa furaha. Lawama ilikuwa hii, kwamba ameiacha Ethiopia akaleta mambo ya Ulaya. Kwa nini asichore watu wa nchi yake, na mavazi yao, na makanisa yao, kama walivyofanya wengine? Lawama ya namna hii twaijua hata huku kwetu. Mtoto wa shule akipaka karatasi yake rangi bila kuchora chungu au embe, huambiwa kwamba hakuchora kitu.

Sisi twaona waliomlaumu Gebre Kristos walisahau vitabu vya kanisa lao wenyewe. Katika vitabu vya kale vya Ethiopia, vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kichwa cha ukurasa hupambwa kwa kamba za rangi zilizosukwa na kupindana, nazo huitwa harag. Hazina mtu ndani yake. Hazisimulii kisa. Zipo tu kumwambia msomaji kwamba hapa paanza jambo la kuheshimiwa, asome polepole. (Jina lenyewe maana yake ni mmea utambaao, hivyo na wao walikopa kwa kitu kama sisi.) Mtoto wa mtu aliyepamba vitabu hivyo hakuhitaji kwenda mpaka Köln ili aambiwe kwamba rangi na mstari vyaweza kusema pasipo sura. Huko Ujerumani alipata ruhusa ya kuliongeza jambo hilo likajaza ubao mzima.

Na sisi wa milimani je? Nani katika soko la Lushoto aliyepata kuishika kanga akauliza ni picha ya nini? Mwanamke huitandaza, hutazama pindo, hutazama mji ulio katikati, husoma jina, kisha husema, “Hii imekaa vizuri,” au, “Hii rangi zake zagombana,” akairudisha. Amehukumu rangi na mpango wake, wala hakuhitaji kitu chochote kilichochorwa ndani. Kadhalika mtu asimamaye kwenye mwamba wa Irente na kutazama chini kuelekea Mazinde. Nyika iko mbali mno, hata haoni mkonge, aona mistari. Haoni nyumba, aona madoa meupe. Haoni barabara, aona uzi mwekundu uliokatwa na uzi mwingine. Akili yake yajua vilivyoko, lakini macho yake yamekwisha kupata furaha kabla akili haijaanza kuhesabu. Wachoraji wa namna ya Gebre Kristos waitafuta furaha ile ya kwanza, nao wataka kuikamata kabla haijageuka kuwa mkonge na nyumba.

Yafaa tueleze kidogo jinsi kazi yenyewe ifanywavyo, maana wengi wadhani ni kumwaga rangi tu. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Rangi ya maji hukauka maji yakiruka hewani. Hii ya mafuta haikauki hivyo. Mafuta hushikana na hewa, yakageuka polepole kuwa ngozi ngumu, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Kwa hiyo mchoraji ana nafasi ya kufikiri. Aweza kukwangua alichopaka jana, aweza kutia rangi juu ya rangi ili ile ya chini ichungulie. Lakini sheria ipo: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi zaidi, la sivyo picha hupasuka kama udongo wa bondeni wakati wa kiangazi. Mtu mvivu hawezi kazi hii, hata akisema kwamba hachori kitu.

Tena rangi zina tabia ya kubadilishana zinapokaa jirani. Mfaransa mmoja, Chevreul, mwanakemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, aliletewa mashtaka kwamba uzi mweusi wa kiwanda kile haukolei. Akaupima, akaona hauna kasoro. Kosa lilikuwa la majirani zake: uzi mweusi ukikaa kati ya nyuzi za samawati na zambarau huonekana umefifia. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu mwaka 1839. Fundi cherehani yeyote wa Soni aweza kuyajaribu kwa vipande vyake vya nguo. Na mkulima wa Lukozi huyaona bila kujaribu, kwa maana udongo uliolimwa huwa mwekundu zaidi ukizungukwa na kabichi, na kabichi nazo huzidi kuwa kijani kwa ajili ya udongo ule. Mchoraji asiyetaka kuchora kitu ana ujirani huu tu wa kumsaidia. Akikosea hapo, hana kisa wala uso wa mtu wa kumwokoa.

Sasa twaja kwenye picha ya Gebre Kristos tuipendayo kuliko nyingine, nayo yaitwa Golgotha, ya mwaka 1963. Ni picha ya mafuta, na wekundu ndio uitawalao. Msomaji asitazamie zile picha za shule ya Jumapili, zenye askari, na wanawake waliao, na mji wa Yerusalemu kwa mbali. Mwili uliosulibiwa haukuchorwa kwa uzuri wa viungo. Umefanywa kwa rangi nzito, kana kwamba aliyeupaka aliona haya kuutengeneza vizuri. Twafikiri hapo alifanya jambo la kweli. Picha zile nyingine tumezizoea hata mtu aweza kupita chini yake akiongea habari za bei ya viazi. Mbele ya wekundu huu mtu hunyamaza kwanza, kisha ndipo huuliza.

Lakini hapa pana neno la kubishania, wala hatutalificha. Je, tukilifunika jina la picha hii, tukamwita mtu asiyelijua, atasema ni Golgotha? Pengine hatasema. Atasema kwamba pana jambo zito, pana maumivu, pana kitu kimeraruliwa. Lakini kilima kile, na mti ule, ni jina lililomletea. Wapo wasemao kwamba basi mchoraji ameshindwa, kwa kuwa ameazima nguvu ya maneno ili kutegemeza rangi zake. Sisi twasema kinyume. Nyekundu ni moja katika zile rangi tatu ambazo Kiswahili hakikuzikopa kwa kitu, nayo husimama peke yake, ya kila kitu na si ya kitu kimoja. Gebre Kristos aliichukua akaipa kitu, akaifunga na damu moja iliyomwagika siku moja mahali pamoja. Na damu hiyo ikiisha kutajwa, wekundu ule hauwezi tena kuwa pambo. Katika picha zake nyingine, zile ambazo jina lake halimsaidii mtazamaji, mara nyingi twaona uzuri wa kupendeza, mpango wenye akili, nasi twatoka mikono mitupu. Ni kama nyumba iliyojengwa vizuri isiyo na kizingiti. Mgeni aizunguka akiisifu, asijue pa kuingilia.

Hatusemi hivi kwa kuwadharau waliokwenda njia ile mpaka mwisho. Mrusi Kandinsky, mmoja wa waliotangulia kuifuata, alikuwa mtu wa sheria, akaiacha mwaka 1896 akaenda Munich kujifunza kupaka rangi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba huko Moscow alisimama mbele ya picha ya marundo ya majani makavu iliyochorwa na Monet wa Ufaransa, asiyatambue marundo, akakasirika, na hata hivyo picha ile ikakataa kumtoka moyoni. Alisimulia tena kwamba baadaye, jioni moja, aliingia chumbani mwake akaona picha nzuri ya ajabu asiyoijua; kumbe ni yake mwenyewe, imesimama kwa ubavu. Hapo akatambua kwamba vile vitu alivyokuwa akivichora vilikuwa vikimzuia. Twamwamini. Ila twaona kwamba vitu humzuia yeye aliyekwisha kuvichora miaka mingi, lakini sisi ambao hatujachorwa bado, milima yetu na watu wetu, tuna deni navyo.

Kwa sababu hiyo twamtaja jirani yetu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, na baadaye katika shule ya Slade huko London, kisha akawa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Hakuiacha sura ya vitu. Alichora migomba, na watu walimao pamoja, na wachukuao mizigo. Lakini watu wake ni wadogo, nyuso zao hazibainiki, wamepangwa mmoja baada ya mwingine kama mapigo ya ngoma, na rangi zake ni bapa, bila vivuli vya kizungu. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, iko katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mwanakijiji huingia kwa mlango wa kisa, akiwafuata wale wachukuzi. Akiisha kuingia hukuta kwamba kinachomshika ndani ni mpango, na usiku wenyewe. Ntiro aliweka kizingiti. Gebre Kristos ni mwenye nguvu kuliko yeye, hasa katika Golgotha, lakini Ntiro hampotezi mgeni wake.

Wasomaji wengine watauliza jinsi ya kupambanua picha dhahania iliyo njema na ile ya mtu aliyecheza na brashi. Twajua majaribio mawili, nayo si magumu. Funika sehemu moja ya picha kwa kiganja. Kama picha haikupungukiwa na kitu, basi sehemu ile haikuwa na kazi, na aliyeipaka hakujua kwa nini aliipaka. Kisha irudie baada ya juma moja. Picha ya kuchezea huwa imekwisha kusema yote siku ya kwanza. Na walimu wenzetu tungewaomba hivi: mtoto aletapo karatasi iliyojaa rangi pasipo chungu wala embe, msimwambie kwamba hakuchora kitu. Mwulizeni kwa nini manjano ameiweka hapo na si pale. Akiwa na jibu, amechora.

Gebre Kristos aliiacha nchi yake katika miaka ya mwisho ya 1970, wakati wa utawala wa askari, akafariki Marekani, katika jimbo la Oklahoma, mwaka 1981, hajatimiza miaka 50. Baadhi ya picha zake zilikuwa zimesalia Ujerumani. Mwaka 2008 lilifunguliwa Addis Ababa jumba la makumbusho lenye jina lake, chini ya Chuo Kikuu cha mji ule, na picha zilizorudishwa kutoka Ujerumani ziliwekwa humo. Mtu wa kwetu akijaliwa safari ya kufika huko, na azitazame kwanza bila kusoma vibandiko vilivyo ukutani, kisha avisome, aone ni ipi kati yao iliyongoja jina lake na ni ipi isiyolihitaji.