Samaki kwa Kipimo Chake

Jicho ndilo linaloachwa mpaka mwisho. Mwili wa samaki umeshapakwa wino, karatasi imelazwa juu yake, imebonyezwa kwa vidole na kubanduliwa, na chapa imetoka: magamba yamejipanga safu kwa safu, miiba ya pezi la mgongoni inahesabika, mkia umetandazwa. Penye jicho pana duara tupu. Jicho ni laini na lina majimaji. Likipakwa wino huacha doa tu. Kwa hiyo mchapaji huliruka makusudi, halafu huchukua brashi nyembamba na kulichora kwa mkono wake. Katika kazi nzima hapo tu ndipo anapochora. Kwingine kote amemwachia samaki ajichore mwenyewe.

Wajapani wanaiita kazi hii gyotaku. Chapa ya zamani zaidi inayojulikana ni ya mwaka 1839, nayo imehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Tsuruoka, kaskazini mwa Japani. Samaki wake ni funa, jamaa wa samaki aitwaye kapu, aliyevuliwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Waliotengeneza chapa za aina hiyo hawakuwa wachoraji wa kazi. Walikuwa watu wa himaya ya Shonai, ambako kuvua kwa ndoano kulihesabiwa kuwa mazoezi ya mwili na ya subira kwa wapiganaji. Mtu aliyerudi na samaki mkubwa alitaka kuthibitisha ukubwa wa samaki huyo kabla hajaingia chunguni. Kila penye wavuvi pana mtu anayetanua mikono kuonyesha urefu wa samaki aliyemponyoka, na kila mwaka mikono inazidi kutanuka. Chapa ilikata maneno. Pembeni yake waliandika tarehe, mahali, uzito na jina la mvuvi, pengine na jina la shahidi.

Kazi hii inanirudia akilini kila ninapofikiria ziwa Tshangalele, huko Katanga, nchini Kongo. Ni ziwa la kutengenezwa: mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa pale Mwadingusha, na mitambo ya umeme ya migodi ikaanza kuzunguka mwaka 1930. Maji yakatanda juu ya mbuga, mafunjo yakaota ukingoni, samaki wakazaliana, na watu wakahamia kuwafuata. Leo, barabara ya kutoka Likasi kwenda Lubumbashi inapopita Kapolowe, akina mama wanauza tilapia na kambale kando ya njia, wabichi na waliokaushwa kwa moshi. Samaki hao wanafika sahanini na bukari, ugali wa huko, siku hiyo hiyo, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuonyesha walikuwa wa namna gani.

Tuseme wapenzi wa kuchora wa Likasi, watu wa kuchora jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya misa, wamekubaliana kufanya maonyesho ya pamoja yenye roho ya Japani. Kitu cha kwanza kitakachowajia ni kimono, maua ya mcheri, mlima Fuji, na lile wimbi la mchoraji Hokusai linalochapwa siku hizi hadi kwenye fulana. Hakuna dhambi hapo. Hokusai mwenyewe aliazima: buluu ya wimbi lile ni rangi iliyogunduliwa Berlin na kufika Japani kwa meli. Lakini yeye aliazima rangi, akaipa kazi yake mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mchoraji wa Likasi anayenakili ua la mcheri ambalo hajawahi kuliona likichanua atagundua kwamba walisema kweli. Anachoweza kuazima bila kuaibika ni utaratibu wa kazi, yaani namna ya kutazama, ya kungoja, ya kujizuia. Gyotaku inampa hivyo vyote, na samaki anampata palepale ziwani.

Tuifuate basi kazi yenyewe, maana uzuri wake umo katika hatua zake.

Samaki lazima awe mbichi, hajapasuliwa wala kuparwa magamba. Kwanza anaoshwa kwa chumvi au siki kuondoa utelezi. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini chapa nyingi za wanaoanza huharibikia hapa, kwa kuwa utelezi unakataa wino na karatasi inatoka na mabaka. Anafutwa taratibu, kuanzia kichwani kwenda mkiani, magamba yasiinuke. Pamba kidogo inatiwa mdomoni, kwenye mashavu na tunduni nyuma, ili maji ya mwilini yasichuruzike katikati ya kazi. Kisha analazwa juu ya ubao. Mapezi hayasimami yenyewe, kwa hiyo mchapaji anayainua kwa udongo mfinyanzi na kuyashika kwa pini mpaka yakaukie katika mkao wa kuogelea. Hapo ndipo anapotambulikana aliyewahi kumtazama samaki akiwa majini. Asiyewahi atalitandaza pezi mpaka likakamae kama feni iliyofunguliwa.

Wino wa asili wa Kijapani ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya ngozi. Masizi hayahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Unapakwa mwembamba, kwanza kutoka mkiani kwenda kichwani ili uingie chini ya kingo za magamba, halafu unarudishwa kwa brashi karibu kavu kuelekea mkiani. Uliozidi unafutwa. Wino mwingi unayafuta magamba yote yawe kivuli kimoja cheusi, na mdogo mno unaacha samaki aliyeliwa na nondo. Kipimo kinakaa mkononi, na mkono hukipata kwa kukikosa kwanza.

Karatasi ya Kijapani hutengenezwa kwa nyuzi za gome la mforosadi. Ni nyembamba, lakini ikilowa haipasuki, nayo inajikunja kwenye mabonde ya mwili wa samaki. Kwa asiyekuwa nayo, kitambaa chepesi cha pamba, amerikani iliyofuliwa ikalainika, kinafanya kazi hiyo, na hata Japani kwenyewe vitambaa hutumika. Inalazwa mara moja tu. Kuanzia hapo haisogezwi. Vidole vinabonyeza kutoka katikati ya ubavu kwenda nje, vikipapasa mfupa wa shavu, mstari wa ubavuni, shina la kila pezi. Mchapaji haoni anachofanya, anakisoma kwa vidole. Karatasi ikiteleza hata kidogo samaki anarefuka, na hapo chapa inakuwa imesema uongo uleule iliozuliwa kuuzuia.

Tilapia ni mwalimu mpole. Ubavu wake ni bapa, magamba yake ni makubwa, na miiba ya mgongoni inajionyesha bila kubembelezwa. Kambale ni mtihani. Hana magamba ya kushika wino, utelezi wake hauishi, mwili wake ni wa mviringo, na sharubu zake zinataka kulazwa moja moja. Anachotoa ni fuvu, ule mfupa mpana wenye chembechembe, na aliyefanikiwa kuutoa wazi ameshafuzu.

Iko njia ya pili, ya polepole zaidi. Karatasi iliyolowa au hariri inabandikwa juu ya samaki ambaye hajapakwa chochote, inaachwa ikaribie kukauka, kisha wino unapakwa kwa kuguswaguswa juu yake kwa kifurushi cha pamba kilichovikwa hariri, tabaka juu ya tabaka, rangi juu ya rangi. Njia hii inapendwa na wanaotaka uzuri, ile ya kwanza na wanaotaka ushahidi. Mimi niko upande wa ile ya kwanza, kwa kuwa inampa mchapaji nafasi ndogo zaidi ya kumpamba samaki. Samaki akishachapwa huoshwa na kupikwa. Kwa hiyo wino uwe wa kitu kisichodhuru, nayo ni sababu nyingine ya kupenda masizi.

Ushahidi huo umekuja kuwafaa watu ambao wavuvi wa Shonai hawakuwawazia. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Japani, Yusuke Miyazaki na Atsunobu Murase, walichapisha uchunguzi wa chapa za samaki zilizotundikwa katika maduka ya vifaa vya uvuvi na sehemu nyingine za nchi yao. Humo walikuta aina ambazo leo ziko hatarini, miongoni mwao akame, ndugu wa karibu wa sangara wa ziwa Victoria. Pale ambapo hakuna aliyehifadhi samaki katika chupa, karatasi ilikuwa imeandika kwamba samaki huyu, wa ukubwa huu, alivuliwa hapa siku hii. Tshangalele ina haja ya kumbukumbu ya namna hiyo. Kwa miaka mingi takataka za viwanda vya shaba vya Shituru, mjini Likasi, zimeteremka na mto Panda hadi ziwani, na watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamepima shaba na kobalti katika samaki na katika miili ya watu wa huko. Chapa haiwezi kupima kobalti. Inaweza kuonyesha umbo na ukubwa wa samaki wa mwaka huu, ili wa miaka ishirini ijayo wapate wa kulinganishwa naye.

Na kujifunza pamoja, kama watakavyofanya wapenzi hao wa kuchora wa Likasi, si jambo geni Katanga. Mwaka 1946, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyokuja kujulikana kama Hangar. Aliwakusanya watu wasiopita shule ya sanaa, akakataa kuwapa picha za Ulaya wazinakili. Kukataa huko nako kulikuwa na ukoloni wake, maana yeye ndiye aliyeamua lipi ni la Kiafrika na lipi silo. Lakini kilichotokea mezani kilimzidi. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga picha kwa mistari mifupi iliyosongamana. Pilipili Mulongoy alijaza nafasi kwa majani, ndege, nyoka na samaki mpaka pasibaki pa kupumzisha jicho. Mwalimu alifariki mwaka 1954. Mwaka 2015 kazi zao zilitundikwa Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo kwenye Fondation Cartier. Waliketi chumba kimoja, na kila mkono ukatoka na njia yake.

Mtu anaweza kudhani gyotaku inaua tofauti hizo, maana samaki anajichora mwenyewe. Lakini wape watu wanne tilapia mmoja, wamchape mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza atambonyeza kwa nguvu na mbavu zitatokeza. Wa pili ataogopa, atoe samaki wa ukungu. Wa tatu atamlaza amekunja mkia kidogo na karatasi nzima itapata mwendo. Wa nne atakosea jicho, na samaki mzima ataonekana mjinga. Ndiyo sababu kazi hii inafaa maonyesho ya kikundi cha wasio mabingwa: inaonyesha mkono wa kila mtu bila kumdai kipaji cha kuzaliwa. Inamdai ajizuie.

Basi maonyesho yenyewe yapangweje? Chapa zote ziwe kwa kipimo halisi. Hakuna kukuza wala kupunguza, maana kipimo ndiyo heshima ya kazi hii. Zitundikwe chini kidogo, usawa wa kifua, mtu aweze kulaza mkono wake kando ya samaki na kulinganisha. Zile nne za tilapia mmoja zikae pamoja. Dagaa mdogo apewe karatasi yenye nafasi nyeupe pande zote, kama anavyopewa mkubwa. Chini ya kila chapa jina la mvuvi litangulie la mchapaji, kisha mahali, kisha tarehe.

Tarehe na mahali visidharauliwe, hasa kwa watu wa Likasi wanapoitaja Japani. Mgodi wa Shinkolobwe uko jirani tu, na humo ndimo ilimotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliotengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Waliochimba hawakuambiwa jiwe linakwenda wapi. Maonyesho ya samaki hayalazimiki kuwa mahubiri juu ya hilo, lakini kikundi kinachoandika wazi chini ya kila karatasi kitu hiki kimetoka wapi, lini, kwa mikono ya nani, kimechagua adabu ambayo biashara ile ya mawe haikuwa nayo.

Na hukumu wapewe wavuvi. Mtu wa mjini atasema chapa hii nzuri, ile ya kusikitisha, na maneno yake hayatamsaidia mchapaji. Mvuvi wa Kapolowe akisimama mbele ya karatasi aulizwe huyu ni nani, dume au jike, amenaswa na wavu au ndoano, ameshiba au ana njaa. Akijibu bila kusita, na wenzake wakikubali au wakianza kubishana naye juu ya pezi moja, chapa imefaulu. Akisema tu kwamba ni samaki, mchapaji arudi akaoshe utelezi vizuri zaidi.